Kabla ya kuchangia nauli ya ‘kazi ya likizo’ Asia, uliza viza

Jumapili moja ya Mei dada yangu alinipigia simu akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwake kwa muda mrefu.

“Mdogo wangu, mtoto amepata kazi China!”

Mtoto ni binti yake, ambaye wakati huo alikuwa anamaliza mwaka wa tatu wa shahada ya ualimu. Kazi yenyewe ilikuwa ya miezi miwili, Julai na Agosti, kufundisha watoto wadogo Kiingereza katika kambi ya likizo. Mshahara dola 1,500 kwa mwezi, chumba bure, chakula cha mchana bure. Kilichobaki ni Sh2.8 milioni za “viza na usajili”, ambazo wakala alitaka zitumwe kwa simu kabla ya Ijumaa. Dada alikuwa ameshaomba mkopo kwenye kikoba chake, na mimi alitaka nijazie laki nane.

Sikumkatalia. Nilimuuliza swali moja tu: anakwenda kwa viza gani?

Hakujua. Akamuuliza wakala, na jioni akanitumia jibu lake la sauti. “Ya matembezi, mama. Akifika kule mwajiri anambadilishia. Wote wanakwenda hivyo.”

Mzazi mwenzangu, kama hutakumbuka kitu kingine katika makala haya, likumbuke jibu hilo. Ukilisikia, funga pochi.

Sheria inasemaje

China ina viza maalumu ya kazi, inayoitwa Z. Mwajiri ndiye anayeanza: anaomba kibali kwa mamlaka za kwao, kisha anamtumia kijana barua ya kibali hicho. Kijana anaipeleka barua hiyo ubalozini akiwa bado nyumbani. Akishafika China ana siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi. Hata kazi isiyozidi siku 90 inataka viza ya Z. Ya matembezi, ya biashara au ya masomo si viza ya kazi.

Adhabu zipo kwenye sheria ya uhamiaji ya China iliyoanza kutumika Julai 2013. Mgeni anayefanya kazi bila kibali hutozwa faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa kubwa anaweza kuwekwa kizuizini siku tano hadi 15. Anaweza pia kurudishwa kwao na kuzuiwa kuingia tena kwa mwaka mmoja hadi mitano. Anayebeba adhabu hiyo ni mtoto wako. Wakala yuko mjini anatafuta mwingine.

Kuna jambo jingine ambalo mawakala hawalisemi. Kwa kazi ya kufundisha Kiingereza, China kwa kawaida hutaka raia wa nchi ambazo Kiingereza ni lugha ya kwanza, kama Marekani, Uingereza, Canada, Australia na Afrika Kusini. Tanzania na Kenya hazimo, hata kama mtoto wako anazungumza Kiingereza kuliko mwalimu wake. Mwenye pasipoti yetu anaweza kufundisha masomo mengine, kama hisabati au sayansi, lakini awe ameshapata shahada na uzoefu wa kazi wa miaka miwili. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu hana vyote viwili.

Korea Kusini nako ni hivyo hivyo. Kambi za Kiingereza za Julai na Agosti zipo kweli, na ipo viza ya kazi ya muda mfupi isiyozidi siku 90, lakini walimu wa Kiingereza huchukuliwa zaidi kutoka nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Canada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kwa ndugu zetu walioko ughaibuni ambao watoto wao wana pasipoti za nchi hizo, mlango huo uko wazi. Kwetu sisi, anayeahidi kuufungua kwa laki kadhaa anauza asichokuwa nacho.

Kalenda nayo inasema

Wakati mwingine hata viza huna haja ya kuuliza. Angalia miezi.

Likizo kubwa ya shule China na Japan huangukia Julai na Agosti. Thailand ni tofauti. Likizo yao ndefu ni kuanzia katikati ya Machi hadi katikati ya Mei, wakati wa joto kali, na Julai watoto wako darasani. Kwa hiyo mtu anayemwita mwanao kwenye “kambi ya likizo kubwa” Thailand mwezi Julai, ama haijui nchi hiyo, ama kambi yenyewe haipo.

China nako mambo yamebadilika. Julai 2021 serikali ilipiga marufuku vituo vya twisheni kufundisha masomo ya shule wakati wa likizo na mwisho wa wiki, na Kiingereza kimo humo. Vituo vingi vilifungwa. Baadhi ya vilivyobaki hufundisha kwa kujificha, na anayejificha hawezi kumwombea mwalimu kibali halali.

Mwenzake alikwenda

Sisi hatukulipa. Binti alilia siku mbili na kuniambia, “Mama mdogo, umenikosesha bahati.” Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu rafiki yake wa darasani alilipa, akapata viza ya matembezi na akapanda ndege kweli. Picha za uwanja wa ndege zilijaa kwenye simu yetu sote.

Alirudi mwishoni mwa Agosti, amekonda. Kambi aliyoahidiwa ilikuwa chekechea iliyo ghorofani. Wakaguzi walipokuja alifichwa kwenye stoo ya magodoro na kuambiwa asikohoe. Walikuja mara tatu. Mshahara wa mwezi wa kwanza alilipwa nusu, wa pili akaambiwa umekatwa kwa ajili ya chumba kile cha bure. Alipotaka kulalamika alikumbushwa kwamba yuko pale kwa viza ya matembezi, na polisi wakija watamchukua yeye.

Huyo, nisema tu, alibahatika. Alirudi.

Anayefikishwa mtoni

Wapo vijana wa Afrika Mashariki walioitiwa kazi Thailand: mauzo, huduma kwa wateja, kompyuta, na kufundisha Kiingereza. Walipokelewa Bangkok na gari, wakaendeshwa kwa saa nyingi kuelekea magharibi hadi Mae Sot, wakavushwa mto Moei na kujikuta Myawaddy, nchini Myanmar. Huko walinyang’anywa pasipoti na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni usiku kucha.

Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na wengine wapatao 100,000 Kambodia, huenda wanashikiliwa katika kazi za aina hiyo. Februari 2025 maelfu walitolewa kwenye makambi ya Myawaddy, Wakenya wakiwamo. Serikali ya Kenya ilikuwa imeanza kuwaonya vijana wake tangu 2022.

Sisemi kila tangazo la ualimu linaishia mtoni. Ninachosema ni kwamba njia ya kwenda huko huanza na viza ya matembezi na ahadi ya “mtabadilishiwa huko huko”.

Muulize wakala haya

Kijana akikuletea habari ya kazi, usimkaripie. Ukimkaripia, ijayo ataificha. Kaeni pamoja na simu yake, muulizane:

1. Viza ni ya aina gani, na nani ameiomba? Kazi halali huja na barua ya kibali kabla ya safari.

2. Jina la shule na anwani yake ni ipi? Tafuteni simu ya shule wenyewe, si ile aliyotoa wakala, kisha pigeni. Waulizeni kama wanamjua mtoto wenu.

3. Mkataba uko wapi? Uwe na mshahara, saa za kazi, mahali pa kulala na nani analipa nauli ya kurudi.

4. Wakala ana leseni? Tanzania, ulizeni ofisi ya kazi au TaESA. Kenya, ulizeni Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA).

5. Ubalozi unasemaje? Ubalozi wa nchi anayokwenda ndio unaotoa viza. Waulizeni wao, si anayewauzia.

6. Haraka ni ya nini? Kibali cha kweli huchukua wiki nyingi. “Kabla ya Ijumaa” ni lugha ya mtu anayeogopa muulize.

Akisafiri kwa njia halali, baki na nakala ya pasipoti, viza, mkataba na tiketi yake. Kubalianeni neno moja la siri ambalo akilisema kwenye simu utajua yuko matatani. Na pasipoti asimpe mtu “amtunzie”.

Milango iliyopo

Mtoto mwenye hamu ya kuiona Asia asikatishwe tamaa. Mashirika ya wanafunzi kama AIESEC hutuma vijana kujitolea kwa wiki sita hadi nane, baadhi yao kwenye kazi za kufundisha. Hakuna mshahara, na kuna ada ya kulipa, lakini hilo linasemwa mapema. Swali la viza liulizwe hapo pia. Vyuo vingi vina ubadilishanaji wa wanafunzi, na kuna ufadhili wa masomo wa serikali za China, Japan na Korea Kusini. Hiyo ni njia ndefu, ila humfikisha mtu mchana kweupe.

Binti yetu alibaki nyumbani likizo ile akafundisha twisheni ya hisabati barazani kwa mama yake, watoto tisa, asubuhi mpaka saa sita. Hakupata dola 3,000. Alipata mwanzo wa uzoefu, akamaliza shahada, na sasa yuko mwaka wa pili kazini katika shule ya msingi. Juzi kaniambia kuna shule ya kimataifa China inayotafuta mwalimu wa hisabati kwa mkataba wa mwaka mzima.

“Na kabla hujauliza, mama mdogo,” akacheka, “viza ni Z.”

Nimemwambia aniletee na huo mkataba niusome.