Ndege Nao Huugua Malaria

Je, msomaji, ukienda nyumbani Malili likizo ya Desemba, ukakuta vifaranga wa bata mzinga wamejikunyata, mabawa yamelegea, wanasinzia mchana kutwa, utadhani nini? Wengi husema ni baridi ama kideri. Huenda ikawa hivyo, lakini ndege nao wana malaria yao.

Mojawapo ina historia yake hapa Kenya. Mwaka 1941 mtaalamu Carlton Herman alieleza kwa mara ya kwanza vimelea viitwavyo Plasmodium durae, vilivyotoka katika damu ya bata mzinga wa Kenya. Baadaye, kusini mwa Afrika, vilikutwa pia kwa kwale, ndege ambao jamaa zao hulia katika vichaka vya Ukambani kila alfajiri.

Hebu tufuate safari yake. Mvua za vuli huacha maji yaliyotuama, na mbu huzaliana. Mbu jike humuuma kifaranga usiku. Kwako wewe vimelea vya malaria huanzia kwenye ini. Kwa ndege huanzia kwenye ngozi na viungo vingine, ndipo vikaingia katika chembe nyekundu za damu.

Chembe hiyo, tofauti na yako, ina kiini. Kimelea hujibanza humo na kiini hicho, kikala ile rangi nyekundu inayobeba oksijeni na kuacha masazo meusi. Kikishanenepa hugawanyika, chembe hupasuka, na kila mtoto hutafuta chembe nyingine. Baadhi hawagawanyiki: huwa madume na majike, wakingojea mbu mwingine. Kifaranga ana damu kidogo na kinga yake bado changa, kwa hiyo huzidiwa upesi. Ndege mkubwa anaweza kupona, lakini akabaki na vimelea vichache damuni.

Usiwe na hofu, malaria hiyo haikuambukizi. Tena tuna deni kwa ndege: mwaka 1898, mjini Calcutta, Ronald Ross aliwatumia kuonyesha jinsi mbu anavyoeneza malaria.

Basi usiwape vifaranga vidonge vya watu. Mwite daktari wa mifugo. Tone la damu chini ya darubini litasema kweli. Nawe mwaga maji yaliyotuama, na ukinge banda kwa wavu mwembamba kabla jua halijatua.