Tumbo Linapoendesha

Maradhi mengine humjalia mgonjwa heshima ya kulala akazuriwa, bali tumbo la kuendesha humwamsha mtu usiku mara tano, humkimbiza msalani kama mdaiwa aliyemwona mdai wake, kisha alfajiri humwacha midomo mikavu, magoti yamelegea, na ule wali wa nazi aliousifu jana hataki hata kuusikia ukitajwa.

Aghalabu asili yake ni vijidudu vilivyopenya kwa maji yasiyochemshwa, kwa chakula kilicholala bila kufunikwa, au kwa mkono uliotoka chooni ukasahau sabuni. Na kwa mtu mzima mwenye siha njema ghasia hiyo hutulia yenyewe baada ya siku chache. Hatari kubwa imo katika kile kinachomtoka mgonjwa, yaani maji na chumvi za mwili, na hapo ndipo ninapohitilafiana na baadhi ya wazee wetu, ambao nawastahi kwa mengi, waliokuwa wakimnyima mgonjwa maji kwa hoja kwamba akinywa atazidi kuhara. Mtungi uliotoboka chini hauponi kwa kuzibwa mdomo.

Ukutani mwa utumbo mna vijilango ambavyo sukari na chumvi huvipita zikiwa zimeandamana, na zikishaingia huvuta maji nyuma yao. Na ajabu ni kwamba vijilango hivyo huendelea na kazi hata katika kipindupindu. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipofurika mpakani mwa India na kipindupindu kikawazukia huko, tabibu Dilip Mahalanabis aliona maji ya kutia mishipani yakimwishia; akaamuru glukosi na chumvi zikorogwe katika maji, na jamaa wa wagonjwa wenyewe wawanyweshe kwa vikombe. Vifo, vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100, vikashuka chini ya 4.

Pakiti za chumvi hizo hupatikana katika maduka ya dawa, nazo ndizo bora. Zikikosekana, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, utie vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufutwa juu wala si vya kurundikwa, kisha uonje: yasizidi machozi kwa uchumvi. Nasisitiza kuonja kwa sababu mkono wa mpishi una mazoea yake, na chumvi ikizidi humdhuru mtoto badala ya kumfaa. Mgonjwa anywe kidogo kidogo, na akitapika apumzishwe dakika 10, kisha aanze tena kijiko kwa kijiko. Yatakayobaki kesho yamwagwe.

Dafu, fahari yetu ya pwani, ni kinywaji chema chenye potasiamu nyingi, ila chumvi yake ya kawaida ni haba, na kwa hiyo lisaidiwe na uji mwepesi wa mchele uliotiwa chumvi. Tangawizi iliyopondwa ikachemshwa hutuliza kichefuchefu kwa wengi, ingawa haiui kijidudu. Ndizi mbivu, viazi na wali laini hurudisha nguvu mara hamu inaporejea, na kufunga kwa siku mbili hakuna faida. Soda iachwe, maana sukari yake nyingi huvuta maji kutoka mwilini yakaongeza kuhara. Juisi ya ukwaju nayo, ambayo naipenda kupita kiasi, ingoje tumbo lipoe, kwani ni hiyo hiyo tunayoinywa tukitaka tumbo lilainike.

Mtoto anyonyeshwe bila kukatizwa, na apewe madini ya zinki kwa siku 10 hadi 14 kwa kipimo cha mhudumu wa afya. Dawa za kufunga choo zisimkaribie. Lakini yakionekana macho yaliyodidimia, utosi uliobonyea, mkojo uliokatika, damu katika choo, homa kali, usingizi usioamshika, au choo cheupe kama maji ya kuoshea mchele kinachomwagika bila kukoma, sufuria ya uji iepuliwe, gari litafutwe upesi kwenda hospitali, na njia nzima, kama mgonjwa yu macho na anaweza kumeza, kikombe kisimwondoke mdomoni.