Usipouza mtandaoni, winga atakuuzia

Wadau, kuna maneno nayasikia kila siku hapa Kariakoo: "Mitandao ni ya umbea na matapeli, mteja wa kweli anakuja dukani." Nawaelewa. Mtu kalipa kilemba, analipa kodi ya fremu, mtaa umejaa watu, kwa nini ahangaike na simu?

Sasa muangalie winga. Hana fremu, hana mzigo. Anapiga picha ya dera dukani kwako, anaweka stetasi WhatsApp na cha juu chake, mteja wa Mwanza anatuma hela. Kwako anakuja kuchukua pisi 1 kwa kubembeleza bei. Gharama zote umebeba wewe, ila namba ya mteja anayo yeye. Mteja akitaka tena, anamtafuta winga.

Hofu hii tunaijua. M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, wapo walioona hela ya kwenye simu si hela. Leo duka lisilo na lipa namba linapoteza mteja hivi hivi.

Halafu eneo peke yake halitoshi. Soko kuu liliungua usiku wa Julai 10, 2021. Mei 2023 maduka yalifungwa kwa mgomo. Siku kama hizo, mwenye namba za wateja anaweza kuwaambia yuko wapi na mzigo unapatikana vipi. Anayetegemea wapita njia anabaki kusubiri.

Utapeli upo kweli, ndiyo maana mteja anaogopa. Anayemtoa hofu ndiye anayeuza. Mimi nafanya hivi:

1. Naandika bei. Ukimwambia "njoo inboksi", anahisi bei inapangwa kwa kumpima mfuko.

2. Napiga picha na video za mzigo ulioko dukani. Rangi ikiisha, naifuta.

3. Naeleza duka lilipo: mtaa, jengo, ghorofa, namba ya fremu. Mteja wa mkoani anaweza kumtuma ndugu yake aje kuhakiki.

4. Napokea malipo kwenye lipa namba yenye jina la duka.

5. Mzigo ukipanda basi, natuma picha ya risiti na namba ya gari siku hiyo hiyo.

6. Nasevu namba kwa jina, mji na alichonunua. Mzigo mpya ukishuka, najua nimwambie nani.

Na namba hizo ziandike kwenye daftari pia. Simu inaibiwa, akaunti inadukuliwa.

Winga simchukii, anatafuta riziki kama sisi na mzigo anautoa. Mpe bei ya jumla akichukua pisi nyingi. Ila na wewe uwe na wateja wako.

Leo weka bidhaa 3 tu kwenye stetasi, na bei zake. Kesho ongeza. Mtumie hii na jirani yako wa fremu ambaye bado anasema mitandao ni umbea.