MAONI YETU: MAJI YATANGULIE, SULULU IFUATE

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi,

Mkazi wa Bujumbura afunguapo bomba alfajiri, maji yanayomfikia yamekwisha kusafiri safari ndefu. Sehemu kubwa ya maji hayo huvutwa na REGIDESO kutoka Ziwa Tanganyika, husafishwa, kisha husukumwa hadi mitaani kwa mabomba yaliyofukiwa ardhini. Katika udongo huo huo hulala nyaya za umeme, nyaya za simu na mabomba ya maji machafu. Huo ni mji wa pili, ulio chini ya nyayo zetu, na mara nyingi hauna mlinzi.

Twawaambia ninyi maneno haya kwa sababu ninyi hushika sululu mara kwa mara. Mnachimba mifereji pamoja na wananchi katika kazi za pamoja za Jumamosi. Tena yanapotokea maafa, kama mafuriko ya usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, yaliyoua watu zaidi ya 60 katika mitaa ya kaskazini ya mji, askari huwa miongoni mwa wa kwanza kutakiwa kufukua. Na saa ya haraka ndiyo saa ya makosa.

Kosa lenyewe ni dogo kwa kulitazama: pigo moja la sululu, au jino moja la tingatinga. Lakini waya wa umeme ukikatwa hutoa mwako unaoweza kumuunguza mchimbaji na kumwua papo hapo. Bomba la maji likipasuka, msukumo hushuka, na uchafu ulio ardhini hupata njia ya kuingia ndani ya maji ya kunywa. Mji ambao kipindupindu kilitangazwa ndani yake tarehe 1 Januari 2023 hauhitaji kufundishwa thamani ya maji safi.

Tena madhara hayaji daima siku ile ile. Huko Ghislenghien, nchini Ubelgiji, bomba kubwa la gesi lilikwaruzwa na mashine wakati wa ujenzi, na kidonda hicho kikabaki chini ya udongo. Tarehe 30 Julai 2004 bomba lililipuka. Watu 24 walikufa, wakiwemo wazima moto na askari polisi waliokuwa wamefika kushughulikia harufu ya gesi. Aliyejeruhi bomba ni mwingine. Waliolipa ni wengine.

Je, yawezekana kuchimba bila kujeruhi? Yawezekana. Njia mojawapo ni kuchimba kwa maji. Gari maalumu hubeba tangi la maji, pampu yenye nguvu na mpira mnene wa kunyonya. Fundi huelekeza mchirizi wa maji ya msukumo mkubwa kwenye udongo. Udongo hulegea na kuwa tope. Mpira hulinyonya tope hilo mara moja na kulitia katika tangi la pili. Shimo huteremka kidogo kidogo, mpaka bomba au waya uonekane wazi, ukiwa mzima. Chuma hakikugusa kitu. Katika nchi ya Kanada njia hii ilienea sana, kwa kuwa maji yaliyopashwa moto huweza kulegeza hata ardhi iliyoganda kwa baridi.

Hata hivyo, maji nayo yana ukali wake. Mchirizi huo waweza kupasua ngozi ya mtu, na ukishikiliwa mahali pamoja waweza kuchubua ganda la waya. Kwa hiyo fundi hupunguza msukumo anapokaribia, huendelea kuusogeza mchirizi, wala hauelekezi moja kwa moja juu ya waya. Buti na glavu za kuzuia umeme ni lazima. Udongo wa mchanga na wa mfinyanzi hukubali maji, mwamba haukubali. Na kwenye kingo za korongo kama lile la Ntahangwa, maji mengi yaweza kuubomoa ukingo wenyewe.

Tope nalo lisitupwe ovyo. Wachimba dhahabu wa California walianza kubomoa vilima kwa maji mwaka 1853. Matope yao yakaziba mito na kufunika mashamba, hata mahakama ikaupiga marufuku utupaji huo mwaka 1884. Tope likimwagwa katika mfereji wa mtaa, mvua ijayo italirudisha nyumbani kwetu.

Pasipokuwa na gari hilo, kanuni haibadiliki. Kwanza, waulizwe wenye mali, REGIDESO na ONATEL, wapi vitu vyao vimepita. Pili, pawekwe alama juu ya ardhi. Chombo cha kutafutia nyaya kitasaidia, lakini bomba la plastiki halikijibu. Tatu, mashine isimame umbali wa nusu mita au zaidi, na hapo mkono uendelee kwa sepetu, polepole, kutoka ubavuni. Sululu na mtaimbo viwekwe kando. Wala mtu asiteremke katika shimo refu ambalo kuta zake hazikuegemezwa.

Askari polisi ana kazi yake mahali hapo: kuwaweka watu mbali, na waya ukikatwa kuhakikisha hakuna anayeugusa wala kuusogelea mpaka umeme uzimwe na wenyewe.

Wanajeshi wetu wanaifahamu nidhamu hii. Burundi ilipotangaza mwaka 2011 kwamba imemaliza kuyasafisha maeneo yake yaliyojulikana kuwa na mabomu ya kutegwa ardhini, kazi hiyo haikufanywa na watu waliopiga ardhi kwa upofu. Kila shubiri ilichunguzwa kwanza. Bomba la maji si bomu, lakini lastahili subira ile ile.

Wahenga walisema: mchimba kisima huingia mwenyewe. Katika mji, huingia pamoja na mtaa mzima. Kwa hiyo mkuu wa kikosi asiyejua kilicho chini asione haya kuamuru kazi isimame. Saa moja ya kuuliza haijamwua mtu.