KUPIMA MRUTUTU NA CHOKAA KABLA YA KUNYUNYIZA MICHUNGWA

Mkulima wa Muheza, Pangani na Tanga, huenda ukanyunyiza michungwa yako dawa ya ukungu, na baada ya siku chache ukaona majani yameungua na matunda machanga yanapukutika. Usiilaumu dawa upesi. Yumkini kosa limo katika chokaa, nalo lingaliweza kuonekana mapema kwa majaribio mepesi ya nyumbani.

Dawa hii huitwa dawa ya Bordeaux, kwa jina la mji wa Ufaransa, ambako Bwana Millardet aliieleza mwaka 1885. Ni mrututu, yaani chumvi ya shaba, uliochanganywa na chokaa. Mrututu huua ukungu, lakini peke yake huunguza majani. Kazi ya chokaa ni kuutuliza. Chokaa ikiwa hafifu, mrututu hubaki mkali.

1. Jaribu mrututu. Mrututu safi ni wa buluu iliyokolea, na huyeyuka wote katika maji. Ukielekea rangi ya kijani, yamkini umechanganywa na chumvi ya chuma. Ukiacha mchanga chini, una takataka. Unga mweupe juu yake si udanganyifu: umekauka tu, nao ukitiwa maji hurudia ubuluu wake.

2. Jaribu chokaa. Mwagia maji kidogo kidogo juu ya bonge la chokaa isiyozimwa, nawe simama mbali, kwani huunguza macho. Iliyo njema hupata moto, hutoa mvuke, hupasuka ikawa unga laini. Isiyopata moto huenda ilikwisha kuzimwa, au imeharibika. Ili kutambua, loweka kidogo, kisha utie siki au maji ya ndimu. Ikitoa povu mara moja, imenyonya hewa na kurudi kuwa kama jiwe, haifai. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya chokaa huoza: ifunge isiingie hewa.

3. Jaribu dawa yenyewe. Yeyusha gramu 100 za mrututu katika lita 5 za maji. Katika lita 5 nyingine koroga gramu 100 za chokaa isiyozimwa, au 130 ikiwa imezimwa. Mimina maji ya mrututu katika ya chokaa huku ukikoroga. Tumia chombo cha mbao, cha udongo au cha plastiki. Cha chuma au bati kitaliwa. Kisha tumbukiza kisu cha chuma kilichosuguliwa kwa dakika 1. Kikitoka na utando mwekundu, hiyo ni shaba: ongeza maji ya chokaa, ujaribu tena, hata kisu kitoke safi. Chuja, unyunyize siku ile ile.

Jihadhari. Mrututu ni sumu. Usiuonje, usiuache karibu na watoto, wala usimwage masazo kisimani au mtoni, kwani huua samaki.

Majaribio haya hayakugharimu ila kisu, ndimu na subira kidogo. Yafanye kila ununuapo mrututu au chokaa mpya, kabla hujaipeleka dawa shambani.