Uvimbe wa utumbo: Kwa nini wataalamu wawili hutofautiana

WAHANDISI wawili wakitazama geji moja ya kisima cha mvuke huko Olkaria, karibu na Naivasha, husoma namba moja. Hali huwa tofauti mkazi wa eneo hilo anapoharisha damu kwa muda mrefu, na daktari akamtoa vipande vidogo vya utumbo mpana vichunguzwe kwa darubini. Uvimbe hauna geji. Kipimo ni jicho la mwanapatholojia.

Mtaalamu huyo hutafuta chembechembe nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili na vidonda, kisha hutoa alama. Kipimo cha Geboes cha mwaka 2000 kina ngazi 0 hadi 5, na kile cha Nancy cha mwaka 2017 kina ngazi 0 hadi 4.

Utumbo mzima na ule wenye vidonda vya wazi hauleti ubishi mwingi. Utata umo katikati: chembechembe ambazo mmoja huziita chache, mwingine huziona nyingi. Aidha, kipande huweza kukatwa upande, au kutoka mahali pasipo na ugonjwa.

Kiwango cha makubaliano hupimwa kwa kappa, hesabu iliyobuniwa na Jacob Cohen wa Marekani mwaka 1960. Moja ni makubaliano kamili. Sifuri ni sawa na kubahatisha.

Tofauti hizo zina uzito kwa mgonjwa, kwani alama ikipanda dawa huweza kuongezwa, na ikishuka kupunguzwa. Hatari zaidi ni kukosea chanzo. Amiba huweza kuleta vidonda vinavyofanana na vya ugonjwa wa utumbo unaotokana na kinga ya mwili, ambao hutibiwa kwa steroidi. Mwenye amiba akipewa steroidi, utumbo waweza kutoboka.

Kwa sababu hiyo, daktari hushauriwa kuchukua vipande kadhaa na kumweleza mwanapatholojia historia yote ya mgonjwa. Penye shaka, mtaalamu wa pili husoma bila kujua jibu la kwanza. Wakitofautiana, huitwa wa tatu.

Mgonjwa halazimiki kukatwa upya, kwa kuwa vipande huhifadhiwa ndani ya nta na huweza kusomwa tena. Mkataba wa Haki za Wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya ya Kenya mwaka 2013 unamruhusu kutafuta maoni ya pili.