Goma: bustani juu ya mawe ya volkano inaanza na mbegu

Kila mtu anayejenga ku Goma anajua: ukichimba kidogo tu, unakutana na jiwe. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga moto mpaka katikati ya mji, na mu Mei 2021 ikarudi tena, ikasimama pembeni. Mawe yale meusi ndiyo tunajengea kuta za parseli zetu. Wengi wanasema juu yake hakuwezi kuota kitu. Sisi wa sendika ya wachimbaji tunasema kunaota, ila udongo utautengeneza wewe mwenyewe.

Tuko na sababu ya kusema hivyo. Vita vilipoingia mjini mu Januari 2025, benki zilifunga, franga ikawa ngumu. Wachimbaji wengi wako nyumbani, hawana kazi, na mama wa nyumba anahesabu kila safari ya soko. Lengalenga nyuma ya nyumba haitalipa deni, lakini itapunguza safari moja ama mbili kwa juma.

Udongo kwanza

Maganda ya ndizi na ya viazi, majani, mavi ya mbuzi ao ya kuku, majivu kidogo: weka yote ndani ya mfuko wenye matundu, mwagia maji, geuza kila juma. Kisha miezi mitatu hivi inakuwa udongo mweusi usionuka. Uchekeche, mawe na vijiti vitoke.

Chukua bidoni ya litre 20 iliyopasuka, ikate kwa urefu, toboa matundu chini. Tandika kokoto za volkano ili maji yapite, kisha jaza udongo. Mpangaji anaelewa faida yake haraka: siku mwenye nyumba anamwambia ahame, anahama na bustani yake.

Mbegu

Kabla ya kupanda, jaribu. Funga mbegu 10 ndani ya kitambaa chenye maji kwa juma moja. Zikiota chini ya 6, tafuta zingine ao panda nyingi zaidi. Mbegu usizike sana: kina chake kiwe mara mbili ya unene wake. Ya lengalenga ni ndogo sana, unainyunyiza juu na kufunika na udongo kidogo tu. Inaota mu siku 3 mpaka 5, na kisha majuma 4 hivi unaanza kuvuna.

Nyanya inaomba uvumilivu. Kamua mbegu za nyanya iliyoiva vizuri, ziache ndani ya maji siku 2 ao 3 mpaka ute utoke, zioshe, zianike kwenye kivuli. Lakini kama nyanya ile ilitoka kwa mbegu ibridi za dukani, watoto hawatafanana na mama. Miche ikiwa na majani 4 mpaka 6, ihamishe jioni, jua likipoa. Mwagia maji asubuhi, kwa chupa iliyotobolewa kifuniko. Maji yaliyooshea mboga yanafaa; yenye sabuni nyingi hapana.

Na uzuri je?

Kuna wanaosema maua ni ya nyumba za matajiri kando ya ziwa. Hatukubali. Mtu aliyepoteza kazi anahitaji pia mlango unaomfurahisha akirudi. Na mapambo yetu hayauzwi: panga mawe ya volkano kuzunguka mboga, makubwa chini, madogo juu, bila simenti. Ila yasiguse miche midogo, kwa sababu jiwe jeusi linashika joto la jua na kukausha udongo. Chukudu iliyovunjika, ambayo haiwezi tena kubeba makaa, inakuwa meza nzuri ya vyungu vya maua. Alizeti panda kando ya ukuta: inapendeza, inaita nyuki, na mbegu zake zinaliwa.

Jambo la mwisho, ndugu wasomaji. Mmea mmoja wa lengalenga, ule wenye nguvu, msiukate. Uacheni utoe maua na ukauke. Utawapa mbegu maelfu: za kwenu kwa msimu unaokuja, na za jirani ambaye leo hana hata bidoni moja. Sendika ni hiyo pia.